Usiing'oe Distributa Kabla ya Kuipima

Barua tatu kati ya zilizotufikia mwezi huu zinahusu cheche ya plagi: jinsi inavyotengenezwa, inavyogawanywa na inavyopotea. Nimeziweka pamoja kwa sababu jibu la moja linasaidia kueleza jingine, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa kuwa ndiyo yenye mambo mengi ya kuamuliwa.

SWALI: Ndugu mwandishi, marehemu baba aliniachia Datsun 240Z ya mwaka 1972, ambayo huiendesha wikendi tu. Mjini haina tatizo lolote. Lakini kila ninapopanda mlima kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, mshale wa mizunguko ukifika 5,000 injini huanza kukohoa na kuishiwa nguvu mpaka nipunguze mafuta. Fundi wangu anasema distributa, kile kifaa kinachoigawia kila plagi cheche yake kwa zamu, ni teknolojia iliyokufa, kwamba niing'oe na kufunga koili sita, moja kwa kila plagi, pamoja na kompyuta ya kuziongoza. Bei aliyonitajia imenikosesha usingizi. Je, anasema kweli? — Msomaji, Buruburu.

JIBU: Ndugu yangu wa Buruburu, pole kwa kumpoteza mzazi, na ahsante kwa kulitunza gari lake. Nianze na hayo maneno ya "teknolojia iliyokufa", maana yamenigusa. Edgar Herrmann alishinda Safari Rally mwaka 1971 akiendesha 240Z, na Shekhar Mehta akashinda kwa gari la aina hiyohiyo mwaka 1973, na cheche za injini hizo ziligawanywa na distributa, katika vumbi, matope na joto ambalo gari lako halitakutana nalo kati ya Buruburu na Naivasha. Ninachokiona kikipotea katika karakana zetu ni mazoea ya kuihudumia distributa, kwa kuwa mafundi wengi vijana wamekulia kwenye magari yasiyokuwa nayo na hawajapata kushika vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi ya pointi, yaani swichi ndogo iliyo ndani ya distributa. Siwalaumu, lakini mteja hapaswi kulipia pengo hilo kwa kubadilishiwa mfumo mzima.

Tuangalie kwanza kazi yenyewe inavyofanyika. Ndani ya koili mna nyaya mbili zilizosokotwa kuzunguka kiini kimoja cha chuma: ule wa awali, mnene na wenye mizunguko michache, na ule wa pili, mwembamba kama unywele na wenye mizunguko mingi zaidi kwa takriban mara mia. Pointi zikifungana, umeme wa betri hupita kwenye waya wa awali na kujenga uga wa sumaku; zikiachana, uga huo huporomoka ghafla na kuzaa katika waya wa pili umeme wa makumi ya maelfu ya volti, ambao hupita kwenye rota, huruka hadi kwenye jino la kifuniko linaloelekeana na rota kwa wakati huo, kisha hufuata waya wa plagi hadi ndani ya silinda. Mpango huu ni wa Mmarekani Charles Kettering, na Cadillac iliutumia kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Umeishi muda mrefu kwa sababu ni rahisi na unarekebishika kando ya barabara.

Udhaifu wake uko kwenye muda. Uga wa sumaku haujengeki papo hapo. Mkondo wa umeme hupanda taratibu ndani ya koili, na ukikatwa kabla haujafika unapotakiwa kufika, cheche hutoka dhaifu. Maelekezo ya huduma ya 240Z yanataka pointi zifunguke kwa nafasi ya kati ya 0.45 na 0.55 mm, na zikae zimefungana kwa nyuzi 35 hadi 41 kati ya zile nyuzi 60 ambazo kila silinda hupewa katika mzunguko mmoja wa distributa. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, zamu ya kila silinda ni milisekunde 20, yaani sehemu 20 za elfu ya sekunde, na koili hupata karibu 13 kati ya hizo ili ijazwe. Ikizunguka mara 6,000, zamu hushuka hadi milisekunde 3.3, na muda wa kujaza koili hubaki milisekunde 2 na ushei tu, huku koili hiyohiyo moja ikidaiwa cheche 300 kila sekunde. Kasoro ndogo ambayo mjini haionekani, kwa kuwa muda ni mwingi, hujitokeza pale juu. Tena unapopanda mlima ukiwa umekanyaga mafuta hadi mwisho, silinda hujaa zaidi, shinikizo linapanda, na plagi inadai volti nyingi zaidi ili cheche iruke. Kwa hiyo mlima ule unaipima koili kwa njia mbili kwa mpigo, na dalili ulizozieleza zinalingana kabisa na mfumo wa cheche uliochoka.

Kuchoka, hata hivyo, si kushindwa. Nambari zilezile zinaonyesha kwamba mfumo huo ukiwa mzima unatosha, kwa sababu injini ya 240Z hutoa nguvu zake za juu kabisa karibu na mizunguko 5,600 kwa dakika, na wahandisi wa Nissan waliipangia koili na pointi zinazofika huko na kupita.

Ningekuomba basi uanze na pointi. Zikiwa zimeungua au kuota kichuguu upande mmoja, zibadilishe pamoja na kondensa yake, kile kikopo kidogo kinachozikinga zisiungue. Kile kipande cha plastiki kinachosuguana na mhimili wa distributa kikilika, nafasi ya pointi hupungua na taimingi, yaani wakati wa kupigwa cheche, hurudi nyuma bila mtu kuigusa. Chemchemi ya pointi ikilegea, pointi hurukaruka kwenye mizunguko ya juu na kuacha koili bila chakula, na hii ni sababu moja kubwa ya gari kukata pumzi kwenye kiwango kilekile cha mizunguko kila mara. Kisha shika mhimili wa distributa na uutikise kuelekea pembeni. Ukicheza, bushi zimekwisha, na hakuna marekebisho ya pointi yatakayodumu, kwa sababu nafasi inabadilika kila mhimili unapoyumba. Kumbuka pia kwamba distributa huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, kwa hiyo kosa la uzi mmoja pale ni kosa la nyuzi mbili kwenye pistoni. Taa ya taimingi itakuonyesha: alama kwenye puli ikitangatanga badala ya kutulia, umepata ugonjwa au sehemu yake.

Baada ya hapo tazama rota na ndani ya kifuniko kwa taa kali. Unatafuta mstari mwembamba mweusi kama alama ya penseli, ambao ni njia ya kaboni iliyochongwa na cheche iliyopotea. Miaka mingi iliyopita nilihangaika na Peugeot 504 iliyokuwa ikikohoa kama gari lako. Karakana moja hapa mjini ilinibadilishia kabureta nzima, ikanilipisha, na kikohozi kikabaki palepale. Ufa ulikuwa kwenye rota, mdogo kiasi kwamba niliuona tu nilipoigeuza kwenye mwanga wa jua. Usiku ukiingia, fungua boneti gizani injini ikinguruma na uangalie nyaya za plagi bila kuzigusa. Nyaya zinazovuja hutoa mwanga wa samawati unaochezacheza.

Kuna jambo moja zaidi linalohusu gari lako hasa. Mshale wa mizunguko wa 240Z hupata taarifa zake kutoka kwenye mkondo wa awali wa koili. Injini inapokohoa, utazame: ukiruka ovyo au kuanguka ghafla huku gari likiendelea kwenda, kosa liko upande wa pointi, koili au nyaya zinazoleta umeme kwake, pamoja na ile rezista, yaani kipunguza umeme, inayotangulia koili. Ukitulia huku injini ikikosa nguvu, angalia rota, kifuniko, nyaya na plagi. Na nguvu ikififia polepole badala ya kukatika kwa mshtuko, usisahau chujio na pampu ya petroli, kwa maana mlima huohuo huzipima nazo.

Sasa nimtendee haki fundi wako, kwa sababu anachokipendekeza kina faida ya kweli. Kila silinda ikiwa na koili yake, koili moja hupiga mara moja tu katika mizunguko miwili ya krenki. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika ina milisekunde 20 kati ya cheche na cheche badala ya 3.3, kwa hiyo hujazwa kikamilifu bila haraka na bila kuchemka kupita kiasi. Hakuna rota wala kifuniko, hakuna waya mrefu wa kuvuja, na taimingi huamuliwa na kompyuta inayosoma krenki yenyewe, badala ya vizito na chemchemi zilizozeeka ndani ya distributa. Watengenezaji wa magari ya kasi walilijua tatizo la koili moja zamani sana. Injini za Ferrari za silinda 12 za miaka ya 1950 na 1960 zilipewa distributa mbili na koili mbili ili kazi igawanywe.

Lakini hebu zingatia kinachohitajika. Kwenye puli ya krenki lazima lifungwe gurudumu la meno, mara nyingi meno 36 yenye moja lililoondolewa ili kompyuta ijue krenki iko wapi, na sensa ya kulisoma. Cheche ikitakiwa ipigwe silinda kwa silinda, inahitajika pia sensa ya kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Kisha huja kompyuta, nyaya mpya, na mtu wa kuiandikia ramani ya taimingi, ambaye ndiye ghali na ndiye adimu. Ramani mbaya itatoboa pistoni ambayo distributa iliyochoka isingeigusa. Na siku sensa hiyo ikifa kule Mai Mahiu, hutaiponya kwa msasa na bisibisi kama ambavyo ungeziponya pointi.

Ipo njia ya katikati, nayo ndiyo ningeifuata kama gari lingekuwa langu. Distributa ya Datsun 280ZX ya miaka ya 1979 hadi 1983 ilikuwa na kihisio cha sumaku mahali pa pointi, na ile yenye kisanduku cha elektroniki cha E12-80 kilichobandikwa ubavuni huingia kwenye injini yako bila kuchonga chochote. Pointi hazipo tena za kulika wala kurukaruka, na kwa kuwa transista hubeba mkondo mkubwa kuliko pointi, unaweza kuondoa rezista na kutumia koili yenye ukinzani mdogo inayojaa haraka zaidi. Porsche ilifuata fikra ya jinsi hiyo ilipoweka elektroniki ya kutumia kondensa kwenye 911 zake zenye nguvu zaidi mwaka 1969 na bado ikabaki na distributa. Ukiamua hivyo, distributa ya asili ipake mafuta, ifunge kwenye kitambaa, uiweke kabatini. Ni sehemu ya gari la baba yako.

SWALI: Mwandishi wetu, nina Toyota Mark II ya mwaka 1993 yenye injini ya 1JZ-GE, ambayo haina tabo. Nimejiwekea akiba ya kuifunga tabo. Rafiki yangu ana Mark II ya umri uleule yenye 1JZ-GTE, na nimeona kwamba yeye ana koili sita ilhali mimi nina distributa. Kwa nini Toyota walifanya hivyo, na je, distributa yangu itastahimili? — Msomaji, Kasarani.

JIBU: Dada wa Kasarani, umeona jambo ambalo wengi hulipita, na jibu la swali la pili limo ndani ya lile la kwanza. Toyota ilikuwa na injini mbili za ukoo mmoja kwa wakati mmoja, na iliyokuwa na tabo ndiyo iliyopewa koili sita. Walifanya vivyo hivyo kwenye injini ndugu yake, 2JZ: 2JZ-GTE ya Supra na Aristo ilikuwa na koili sita, ilhali 2JZ-GE za mwanzo zilikuwa na distributa. Tabo hujaza silinda kwa shinikizo kubwa, na hewa iliyobanana ni ngumu kupenywa na cheche, kwa hiyo volti zinazotakiwa hupanda sana.

Distributa yako si kama ya Datsun hapo juu. Haina pointi wala vizito. Taimingi huamuliwa na kompyuta, na kazi ya distributa imebaki kuipa kila plagi zamu yake. Usiidharau kwa sababu tu ni distributa: Honda iliuza Civic Type R ya mwaka 1997 yenye distributa, na injini hiyo ya lita 1.6 ilitoa nguvu zake za juu kwenye mizunguko 8,200 kwa dakika. Lakini ilikuwa ya silinda nne, bila tabo. Wewe una sita, na kwenye mizunguko 7,000 koili yako moja itakuwa na milisekunde 2.9 kwa kila cheche.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Nairobi, na sijaona likizungumzwa vya kutosha. Mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni takriban asilimia 82 ya lile la Mombasa. Hewa nyepesi huruhusu cheche kuruka kwa urahisi zaidi. Kwa injini isiyo na tabo hali hiyo hujisawazisha, maana hewa iliyo ndani ya silinda nayo imepungua, na plagi inadai volti kidogo kuliko pwani. Ukifunga tabo, unairudishia silinda shinikizo lote na kuongeza jingine juu yake, ilhali hewa iliyo ndani ya kifuniko cha distributa imebaki ileile nyepesi ya Nairobi. Cheche hutafuta njia rahisi: badala ya kwenda kwenye plagi yenye upinzani, huruka ndani ya kifuniko hadi kwenye jino la jirani na kuwasha silinda isiyo na zamu. Ndege zenye tabo zinazoruka juu sana huwa na magneto, yaani mashine za kutengeneza na kugawa cheche, zilizojazwa hewa ya shinikizo kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo, kwa tabo ya shinikizo dogo, kifuniko kipya, rota mpya, nyaya nzuri na plagi zilizopunguzwa nafasi kutoka 1.1 mm hadi karibu 0.8 mm vinaweza kukufikisha. Ukinuia zaidi ya hapo, panga bajeti ya koili sita tangu mwanzo, kwa kuwa utahitaji kompyuta nyingine kwa ajili ya petroli kwa vyovyote vile, na gharama kubwa ya mabadiliko iko humo. Fundi akikuambia habari ya koili tatu za silinda mbilimbili, hiyo nayo ni njia halali, na Toyota waliitumia kwenye 2JZ-GE zilizokuja baadaye zenye VVT-i: koili moja hupiga plagi mbili kwa pamoja, moja kwenye silinda iliyo tayari kuwaka na nyingine kwenye silinda inayotoa moshi, ambako cheche yake hupotea bure. Muda wa kujaza ni nusu ya ule wa koili sita, lakini bado ni mara tatu ya ulio nao sasa. Kwanza, hata hivyo, pima nyaya ulizonazo kwa multimita. Toyota ilitaka waya mmoja usizidi kilo-omu 25, na nyaya nyingi za umri huo zimeshapita hapo.

SWALI: Subaru Impreza WRX yangu ya mwaka 1994 ilioshwa injini Jumamosi, na tangu siku hiyo silinda moja haiwaki. Nimeshauriwa ninunue koili zote nne. Je, ni lazima? — Msomaji, Embakasi.

JIBU: Si lazima, kaka, na usinunue hata moja kabla ya kujua. Injini yako ya EJ20G ina koili juu ya kila plagi, na kwa kuwa plagi zake ziko ubavuni, maji ya presha huingia kwa urahisi na kukaa kwenye shimo la plagi. Injini ikiwa baridi na ufunguo ukiwa umetolewa, fungua koili ya silinda isiyowaka, toa maji, kausha kwa hewa, na uangalie kama kuna oili shimoni. Gasketi ya kifuniko cha valvu ikivuja, oili hulainisha mpira wa koili na cheche hupitia humo.

Kosa likibaki, badilishana koili ya silinda ya 1 na ya 3, ambazo ziko upande mmoja. Ugonjwa ukihama pamoja na koili, nunua hiyo moja. Usipohama, kagua plagi, soketi ya waya na kile kisanduku cha elektroniki kilicho tofauti na koili, ambacho ndicho huziamuru zipige. Wakati huo usiliendeshe gari kwenda kazini kwa silinda tatu, kwani petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kuharibu katalisti. Unaporudisha koili, paka grisi kidogo ya silikoni mdomoni mwa mpira, na Jumamosi ijayo mwambie kijana wa kuosha gari atumie kitambaa chenye maji kidogo kwenye injini, asielekeze mpira wa presha pembeni mwake.